Niko Tu Nyumbani

Kwa miaka minne, mtu akiniuliza ninafanya nini siku hizi, nilikuwa na jibu moja tu: "Niko tu nyumbani." Nililitoa kanisani, sokoni, kwenye foleni ya zahanati, na kwa wale niliosoma nao waliokuwa wakinipigia simu ili wajipime nami. Mama alinisaidia kulisambaza. Wageni wakija alisema, "Huyu binti yangu alimaliza chuo huko Embu, lakini yuko tu nyumbani," kisha anaangalia chini kama mtu aliyetaja ugonjwa.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimekaa. Kwetu ni upande wa Ruiri, ambako mvua huja ikipenda, na vitunguu, nyanya na maharagwe yetu yanategemea mradi wa maji. Bomba linatoka juu msituni, linashuka mpaka kwetu na kugawanyika, na nyumba sitini na tatu hunywesha mashamba kwa zamu. Kila nyumba ina siku yake na saa zake. Sasa lazima awepo mtu wa kupanda ile laini kila asubuhi akiwa na spana, afunge valvu hii, afungue ile, azibe palipopasuka, na asikilize matusi ya yule ambaye saa zake zimeisha kabla vitunguu vyake havijashiba. Valvu ninayosema ni ile koki kubwa ya chuma yenye usukani wa kuzungusha kwa mkono.

Kwa miaka kumi na minane mtu huyo alikuwa baba. Goti lake lilipokataa mlima, mwaka ule ule niliotoka chuoni na stashahada yangu ya kilimo, nilichukua spana. Hakuna aliyeniteua na hakuna mkutano uliokaa. Spana ilikuwa nyuma ya mlango, maji yalikuwa yanamwagika, nikavaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, nikaenda. Baba hakuwahi kulipwa, na mimi sikuwaza kulipwa. Ilikuwa ni kusaidia nyumbani, kama kukamua ng'ombe.

Kazi kwetu ni kitu kingine. Kazi ina lango, ina askari wa lango, na ina mshahara mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Nilituma barua kila mahali, mpaka kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Ruiri akawa ananiona kwa mbali na kuwasha mashine kabla sijafika mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiniandikia. Nilimwambia jina la kampuni, anagonga gonga kidogo, barua inatoka imenyooka, Kiingereza kimevaa tai. Hazikujibiwa. Nami ni mtu wa hasira za karibu. Nyumbani wanasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kila barua iliyonyamaziwa niliimalizia kwenye laini, kwa mtu yeyote aliyejaribu kuniibia dakika kumi za maji.

Mwaka jana kanisani wakatangaza mafunzo ya wiki moja mjini Meru, ya vijana wasio na kazi, kuhusu kompyuta na akili mnemba. Sikutaka kwenda. Mama akasema nikienda angalau atakuwa na la kuwajibu watu wiki nzima. Baba akasema goti lake litavumilia siku tano. Nikaenda.

Tulikuwa kumi na wanane kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Nilidhani mwalimu atakuwa kijana wa mjini mwenye kipaza sauti cha sikioni. Akaingia mama wa rika la mama yangu, mwalimu wa sekondari aliyestaafu, miwani imefungwa kwa uzi, mkononi ana chupa ya chai. Alitusalimu, akatutaka tutoe simu, kisha akasema kila mmoja aiambie hiyo akili mnemba imwandikie barua ya kuomba kazi anayoitaka. Dakika tano zilitosha. Watu walifurahi sana. Kuna waliokuwa wanaikumbatia simu.

"Haya," akasema mwalimu. "Someni kwa sauti, mmoja mmoja."

Akaanza fundi wa kuchomelea: yeye ni kijana mwenye bidii, ari na uwezo wa kushirikiana na wenzake katika mazingira yoyote. Akafuata msusi: naye ni kijana mwenye bidii, ari na uwezo wa kushirikiana na wenzake. Wa tatu alitaka kuwa dereva wa trekta, na ari alikuwa nayo. Kufikia wa nne ukumbi ulikuwa umevunjika mbavu. Mimi sikucheka, maana niliitambua ile sentensi. Kwa Kiingereza, ndiyo iliyokuwa imefungua barua zangu zote za saiba, mwaka mzima. Kumbe yule kijana alikuwa akiitumia mashine hii hii na kunitoza kwa kila ukurasa; nikahisi masikio yanawaka moto.

Mwalimu alingoja tutulie. "Mmeiambia iandike," akasema. "Itaandika nini na haiwajui? Haijui mtoto wa nani, haijui mikono yenu imeshika nini. Sasa igeuzeni. Iambieni isiandike kitu. Iambieni iwaulize maswali, moja moja, mpaka iwajue. Na mwenye kudanganya, atajua mwenyewe huko mbele."

Ukutani alikuwa amebandika matangazo ya kazi. Moja lilitoka kwenye shamba kubwa la mboga huko Timau: anatakiwa msimamizi wa umwagiliaji, mwenye stashahada ya kilimo na uzoefu wa miaka mitatu. Nilikuwa nimelipita asubuhi bila kulisoma mara mbili, kwa sababu ya hilo neno uzoefu. Neno hilo limenifungia milango mingi kuliko askari wote wa lango. Lakini kwa kuwa stashahada ilikuwa ndiyo hiyo, na hakukuwa na lingine la kilimo, nikalipiga picha, nikaiwekea mashine, nikaiambia iniulize.

Niliongea nayo kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo pia liliniudhi. Ikaniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikajibu: sijawahi. Ikauliza kama nimewahi kujitolea mahali, au kufanya kibarua. Hapana. Ikauliza basi tangu nitoke chuo nimekuwa wapi.

Nikaandika: niko tu nyumbani.

Mtu angeishia hapo. Mtu angesema pole, au angeangalia chini kama mama. Hii ikaandika: "Sawa. Niambie siku yako ya jana, tangu ulipoamka."

Nikakasirika. Nikaiandikia, jana yangu inakuhusu nini? Yenyewe haikukasirika. Ikasema inauliza kwa sababu mara nyingi watu hufanya mambo mengi ambayo hawayaiti kazi, na kama sitaki kusema, si lazima. Nilimtazama mwalimu, nikitaka kumlalamikia, naye akanionyesha kwa kidole: endelea.

Basi nikaiambia, kwa kuikomoa. Jana niliamka kabla ya jua. Nikapanda laini na spana. Nikafunga ya juu, nikafungua ya mjane wa upande wa chini. Nikakuta bomba limepasuka penye mwamba, nikalifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, nikarudi saa nne kuangalia kama limeshika. Wamama wawili walikuwa wanashikana mashati kwa ajili ya saa moja ya maji. Nikawaonyesha kalenda ya zamu niliyoichora mwenyewe, mmoja akaondoka akinung'unika. Nikapima kwa ndoo na saa ya simu kama maji ya mwisho wa laini yanatosha, kwa sababu mwisho wa laini ndiko wanakoonewa. Jioni nikafunga, nikafungua kwingine. Nikamaliza kwa kuandika: na leo baba anaifanya na goti bovu kwa sababu mimi niko hapa nabishana na wewe.

Ikanijibu kwamba nilichoeleza ni usimamizi wa umwagiliaji. Ikauliza nimefanya hivyo kwa muda gani, na kwa nyumba ngapi.

Nakumbuka niliweka simu kwenye kiti cha pembeni na kuifunika kwa leso. Sikutaka yeyote anione. Nilikuwa nalia, na sikujua ni furaha ama ni uchungu wa miaka minne ya kuangalia chini pamoja na mama. Mwalimu alipita, akaweka kikombe cha chai mbele yangu, akaendelea na msusi.

Nisiisifu kupita kiasi. Ilipoandika ukurasa wa maelezo yangu wa kutuma Timau, iliniita mtaalamu wa mifumo ya maji, ikasema nimefunga vipima unyevu vya kidijitali na kuongoza kikundi cha mafundi. Kipima unyevu changu ni kidole. Mafundi ni mimi. Niliigombeza, ikaomba radhi, na tukafuta mistari mitano. Kilichobaki kilikuwa kifupi, hakikuwa na ari wala mazingira yoyote, na kila neno lake ningeweza kulisimamia mbele ya mtu yeyote wa Ruiri. Mwalimu alikisoma, akanirudishia. "Huyu sasa ninamwona," akasema.

Ikabaki sehemu ya wadhamini, wale watu wawili ambao mwajiri huwapigia simu. Hapo kila mtu kwetu anajua cha kufanya: unaandika pasta na chifu. Nikaandika pasta na chifu. Mashine ikauliza: je, hao wamekuona ukifanya kazi hii? Pasta ameniona nikiimba. Chifu ameniona nikitafuta kitambulisho. Ikashauri niweke mtu ambaye maji yake yamepita mikononi mwangu, hasa kiongozi wa mradi kama yuko.

Kiongozi yuko. Na hapa ndipo roho iliponiruka.

Mwenyekiti wa mradi wetu ni mzee mmoja mwenye ekari mbili za vitunguu na sauti ya kutosha soko zima. Kiangazi kilichotangulia mafunzo, Jumapili moja, nilipita kwenye laini nikiwa nimeshavaa nguo za kanisani. Zamu ilikuwa ya yule mjane. Nikakuta mashine za kunyunyizia za mwenyekiti zinazunguka kwa raha zao shambani kwake, na nyumba nzima imetangulia ibadani. Nilifunga. Kisha, kwa kuwa namjua, niling'oa usukani wa valvu yake kwa spana, nikautia kwenye mkoba, nikaenda kanisani. Nilikaa ibada nzima na chuma kile mapajani. Yeye alikuwa safu ya mbele, mzee wa kanisa, anaimba besi.

Sheria ya mradi, ambayo yeye mwenyewe ndiye huisoma kwenye mikutano, inasema anayeiba zamu hupoteza zamu mbili zinazofuata. Alasiri alikuja kwetu.

"Lete hiyo kitu," akasema.

"Zamu yako ni baada ya siku nane, mzee."

"Mwari, unajua unaongea na chairman?"

"Ndio maana unajua hiyo sheria."

Baba alikuwa ndani, anakohoa kikohozi cha kunionya. Sikusikia. Mzee aliondoka, na nusu ya vitunguu vyake ikakauka. Tangu siku hiyo alimsalimia baba, alimsalimia mama, akampigia mluzi hata mbwa wetu. Mimi alinipita kama nguzo ya stima.

Na sasa ndiye aliyepaswa kunisemea Timau.

Ningeweza kumruka. Ningeandika katibu, ambaye ni binamu ya mama na angenisifu mpaka aone haya. Lakini katibu hajawahi kuipanda ile laini hata siku moja, na maneno ya mwalimu kuhusu kudanganya yalikuwa bado masikioni. Nilirudi nyumbani Ijumaa, Jumamosi nikaenda kwa mzee kumwomba ruhusa ya kuweka namba yake. Mama alinitaka nibebe kilo mbili za sukari, kama inavyofanywa ukienda kuomba jambo kwa mtu mzima. Nikakataa. Nikamwambia nikibeba sukari itaonekana naomba msamaha, na sikukosa. Mama akasema basi hiyo kazi nimeshaikosa, nirudi niendelee kukaa nyumbani.

Nilimkuta mzee anapanga vitunguu kwenye neti. Hakunionyesha kiti. Nikasimama nikaeleza: kuna kazi Timau, ni ya maji, wanataka mtu aliyeniona nikishika laini, nami naomba kuweka jina lake. Alichagua kitunguu, akakigeuza, akakitupa upande wa vibovu.

"Weka," akasema.

Nikangoja aongeze kitu. Akachukua kitunguu kingine. Nikaondoka, nikatuma maombi bila kujua kama nimepewa kamba ya kupandia au ya kujinyongea. Usiku huo baba alicheka mpaka goti likamuuma. Alisema miaka kumi na minane yeye hakuwahi kumfungia mzee yule hata dakika, na bado hakuwahi kupata neno lake moja la shukrani.

Wiki mbili baadaye simu ikalia nikiwa juu ya laini, mikono imejaa matope. Nilitakiwa Timau kwa mahojiano Alhamisi.

Nilijifunza na ile mashine siku tatu, nikikamua ng'ombe, nikipanda laini, simu imeegemezwa kwenye jiwe. Iliniuliza maswali ya wakubwa wa mashamba, nikajibu, ikaniambia wapi nimezunguka bila kufika. Ilinifaa sana. Kosa lake lilikuwa moja: niliiuliza nivae nini, ikasema nguo rasmi, nadhifu, na viatu vilivyofungwa. Mashine haijawahi kushuka Timau asubuhi. Nilishuka na blauzi nyepesi na viatu vya kisigino, upepo wa mlimani ukaingia upande mmoja ukatokea wa pili. Meno yalikuwa yanagongana kabla sijafika langoni. Askari wa lango aliniuliza kama nimepotea.

Aliyenihoji alikuwa meneja wa shamba, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole, pamoja na bwana wa ofisi ya wafanyakazi. Meneja aliniangalia mara moja, akaingia nyuma ya mlango, akatoka na koti la mvua na gambuti. "Vaa kwanza," akasema. "Hatuhojiangi watu wamekufa." Nikavaa, na nilipozisikia gambuti miguuni moyo ukatulia. Ndani ya gambuti najijua.

Hawakunikalisha. Tulienda moja kwa moja kwenye kipande cha shamba la brokoli ambacho mwisho wake ulikuwa umenyauka, majani yamelala. Meneja akaniuliza shida ni nini. Najua waombaji wengine walianza kutaja magonjwa, maana aliniambia baadaye. Mimi sikuangalia mmea. Nilifuata mpira wa maji mpaka kwenye valvu, nikasikiliza, nikaangalia valvu ya kipande cha jirani.

"Nani anafungua hii pamoja na ile?" nikauliza.

Wakatazamana. Akaitwa mfanyakazi wa pale, akajikuna kichwa, akakubali kwamba huwa anafungua zote mbili kwa mpigo ili amalize mapema. Maji yanagawanyika, nguvu inaisha njiani, mwisho wa laini unabaki na kiu. Nilimwambia si mbaya, kwetu wanafanya hivyo kila wiki. Akacheka kwa aibu. Nilianza kuona lango likifunguka.

Ndipo bwana wa ofisi akafungua faili lake.

"Tulicall mwenyekiti wako," akasema. "Amesema wewe ni mtu mgumu. Amesema ulimfungia maji siku nane, kiangazi, vitunguu vyake vikakauka. Ukang'oa usukani ukaenda nao kanisa. Ni ukweli?"

Niliuona uso wa mama. Niliziona zile kilo mbili za sukari dukani. Maneno yote niliyofanyia mazoezi, kushirikiana na kutatua migogoro, yalipotea kama hayajawahi kuwapo.

"Ni ukweli," nikasema.

"Kwa nini?"

"Haikuwa zamu yake."

"Lakini ni mwenyekiti."

"Maji ilikuwa ya mama mmoja wa chini. Yeye hana sauti kama ya mwenyekiti." Halafu, kwa kuwa nilishaona kazi imeenda, hasira ikanipanda nikaongeza, "Na angerudia, ningemfungia tena."

Meneja aliinama akawa anakung'uta tope kwenye gambuti lake, tope ambalo halikuwapo. Alipoinuka alikuwa anacheka. Aliniambia wamefukuza wasimamizi wawili waliokuwa wakifungulia maji marafiki zao na kuacha vipande vingine vikauke. Akanieleza kwamba siku waliyompigia mzee walikuwa wameshawapigia mapasta na machifu wa waombaji wengine, na wote walisemwa kuwa ni vijana wazuri wanaomcha Mungu. "Huyo mzee wako," akasema, "ndiye pekee alituambia kitu."

Nilianza kazi mwezi uliofuata. Nina chumba Timau, nina blanketi tatu, na vipande kumi na vinne vya mboga ambavyo hakuna hata kimoja kinachoiba zamu ya mwenzake nikiwa macho. Nimefurahi. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwetu watu huogopa kusema wamefurahi.

Wikendi ya kwanza niliyorudi, nilinunua sukari kilo mbili bila kuambiwa na mtu, nikampelekea mzee. Safari hii alinipa kiti.

"Nimekuja kusema asante, mzee. Ulinisemea vizuri."

Alinitazama kama anayetazama kitunguu asichojua akiweke upande gani. "Vizuri wapi?" akasema. "Mimi nilitaka wakukatae."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania.

"Nilijua wakisikia vile uko mgumu, wataogopa. Urudi hapa." Akaelekeza kidevu juu, kwenye laini. "Sasa nani ataangalia hii maji? Tangu uende, watu wanakulana. Hata mimi nimeibiwa. Mimi!"

Nilicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuona kuna nini. Mzee naye mwishowe akacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo, kisha akachukua sukari akaiweka ndani kabla sijabadilisha mawazo.

Mradi ulikaa mkutano mara mbili. Kila mmoja alikubali lazima awepo mtu wa laini, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kutokuwa yeye. Kuamka gizani, mlima, matope, matusi: bure? Wakaishia kukubaliana kwamba kila nyumba itoe kidogo, aajiriwe mtu. Mwenyekiti aliandika tangazo kwa mkono wake na kulibandika kwenye ukuta wa posho mili, pale watu wanaposagia mahindi. Nililikuta Jumamosi nikitoka Timau, nikalipiga picha ili nimpelekee baba, kwa kuwa goti halimfikishi tena sokoni.

Alikuwa amekaa nje juani, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nilimpa simu. Aliishika mbali, kama wanavyofanya wazee, akasoma polepole huku midomo ikicheza:

"Anatafutwa mtu wa kusimamia laini ya maji. Awe na uzoefu. Awe mwaminifu. Asiwe mtu wa kuogopa watu. Mshahara utalipwa kila mwezi."

Akarudi juu akasoma tena.

"Mshahara?" akaniuliza.

"Ndio, baba."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Alinirudishia simu. Akaangalia ile njia ya mlimani ambayo miguu yake ndiyo iliyoichimba, mvua na jua, miaka kumi na minane. Kwenye kila fomu aliyowahi kujaza, penye nafasi ya kazi, alipiga mstari tu.

"Kumbe ile ilikuwa kazi," akasema.

Nilitaka kumkasirikia mtu, kama kawaida yangu, nikatafuta wa kumkasirikia, nikakosa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi, na safari hii hakuangalia chini.

Nikavuta kigoda kingine nikakaa karibu na baba. Nikafungua simu mahali pa kuandika.

"Baba," nikamwambia, "niambie siku yako moja ya kwenye laini. Tangu ulipoamka."

"Ya nini sasa?"

"Niambie tu."

Akafikiri kidogo, akapangusa goti kwa kiganja, kisha akaanza na gambuti.